Kichwa Kwanza, Uzi Baadaye

Njombe ikifika mwezi wa sita, kofia ya mtoto si pambo. Asubuhi ukungu unalala juu ya mashamba ya viazi hadi saa nne, na huko Makete, upande wa Kitulo, kuna siku majani yanaamka meupe kwa barafu. Mama akimpeleka mtoto kliniki humbeba mgongoni kwa kitenge, juu ya kitenge huongeza blanketi dogo, na kichwani humvika mzula. Mizula hiyo ndiyo kazi yangu. Nafuma nyumbani kwa kroshia, kofia za watoto kwa sehemu kubwa, na katikati ya kofia napitisha vitu vidogo vya nyumbani: vishikio vya sufuria, madodoki, vitambaa vya kufunikia jagi, na vitambaa vya makochi kwa wale ambao bado wanavipenda.

Wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza kwanza habari za rangi na bei ya uzi. Nawajibu, lakini kabla ya hapo nawauliza mimi: atavaa nani? Au kama ni kitu cha jikoni, kitashika nini, moto au maji? Karibu kila jambo la maana nililojifunza katika ufumaji limetoka kwa yule atakayekitumia kitu, na uzi umekuja kufuata.

Aliyenifundisha ni mama. Wakati ule sindano za dukani zilikuwa adimu kwetu, na kroshia yake ilikuwa spoku ya baiskeli. Baba aliikata kwa msumeno wa chuma, akaisugua ncha kwa tupa mpaka ikapata ndoano, kisha mama akaichukua na kuimalizia mwenyewe. Aliinoa kwenye jiwe lenye maji, akaja na msasa laini, na kila baada ya muda aliijaribu kwa kuipitisha kwenye kipande cha soksi kuukuu ya nailoni. Ikinasa hata uzi mmoja wa soksi, inarudi kwenye jiwe. Ndoano yenye makali hupasua uzi katikati badala ya kuubeba mzima, na kitu kilichofumwa kwa uzi uliopasuka huota vinyweleo mapema. Siku hizi nanunua sindano za alumini zenye namba, lakini kabla sijalipa bado naipitisha ndoano kwenye mtandio wangu. Muuza duka ameshanizoea.

Mama alifuma vitambaa vya makochi, vyeupe, kwa uzi mwembamba wa pamba, vyenye alama ya nanasi. Vilikuwa vya sebule: vya kutazamwa na kunyooshwa kila mgeni akiinuka. Kofia zilinijia mimi nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza mwezi wa saba, baridi ikiwa imepamba moto. Nikamfumia yeye, kisha wa jirani, kisha wakaanza kuja watu nisiowajua.

Mmoja wao alikuwa bibi kutoka kijijini, ambaye nadhani ndiye aliyenifundisha zaidi baada ya mama.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka kofia ya kitukuu. Mwenyewe sijaja naye, njia ni mbali."

Nikataka kumuuliza umri wa mtoto. Yeye akafungua pindo la kanga, akatoa kamba ya katani yenye mafundo mawili. Fundo la kwanza lilionyesha mzunguko wa kichwa, na la pili urefu kutoka utosini hadi chini ya sikio. Alikuwa amepima yeye mwenyewe, mtoto akiwa amelala. Alinisimamia nikahamisha vipimo vyote viwili kwenye karatasi, akaikunja kamba yake na kuirudisha kwenye pindo. Kofia ilipofika kwa mtoto ilikaa sawasawa, na tangu siku hiyo nawaagiza wateja wa mbali waniletee kamba. Umri husaidia kukadiria tu. Watoto wawili wa mwaka mmoja wanaweza kupishana sentimita mbili au tatu kichwani, na kwa kofia hizo ni nyingi sana.

Kwa wanaopenda tarakimu, hizi ndizo ninazoanzia: kichanga aliyetimiza miezi yake huwa na kichwa cha kama sentimita 35, mtoto wa miezi sita kama 43, wa mwaka mmoja kama 46, wa miaka miwili kama 48, na wa miaka mitano kama 51. Utaona kwamba kichwa hukimbia sana mwaka wa kwanza, kisha kinapunguza mwendo. Ndiyo maana mama akiniambia nifume kofia ya kichanga kubwa "ili aitumie mpaka mwakani", namshauri achukue mbili. Kofia kubwa humshukia mtoto machoni na puani, naye kichanga hana uwezo wa kuisukuma.

Ukipima, pitisha futi kamba juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma pale kisogo kinapotokeza zaidi. Usiivute. Halafu toa sentimita mbili au tatu, kwa sababu kitu kilichofumwa hunyumbuka, na kofia isiyobana kidogo haikai. Msichana aliyesukwa apimwe na nywele zake zilivyo. Twende kilioni huongeza unene kidogo, mabutu huongeza sana, na mtoto akifumuliwa kofia itamlegea, kwa hiyo ni bora kumuuliza mama mtoto wake husukwaje siku nyingi. Watoto wa shule wengi wamenyolewa, na kichwa kilichonyolewa huhisi kila ukwaruzo. Uzi wa hao nauchagua kwa kuusugua ndani ya kiwiko changu au shingoni. Viganja vya mfumaji vimeshakuwa sugu na haviwezi kuamua.

Sasa hesabu ya utosi, maana hapa wanafunzi wangu wengi hukwama. Kofia ya kroshia huanzia juu, utosini, kama duara bapa, halafu inashuka. Upana wa duara hilo ndio unaoamua ukubwa wote. Chukua kichwa cha sentimita 46, toa tatu, unabaki na 43. Gawanya kwa 3.14, unapata karibu 13.7. Basi duara lako likifika sentimita 13 na nusu hivi, acha kuongeza na uanze kushuka wima. Asiye na kalamu agawanye kwa tatu na kupunguza kidogo.

Duara lenyewe nalianza kwa kitanzi kinachokazika, kile ambacho ukivuta mkia wa uzi tundu la katikati linajifunga. Wapo wanaoanza kwa mnyororo mfupi uliounganishwa, nayo ni njia halali, ila huacha kitundu utosini, na upepo wa Njombe unakijua. Ndani ya kitanzi nafuma nguzo 12, yaani mashono marefu. Mzunguko wa pili kila nguzo inazaa mbili, zinakuwa 24. Wa tatu nazalisha moja ruka moja, zinakuwa 36, kisha 48, kisha 60. Yaani kila mzunguko unaongeza 12. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 4, mizunguko mitano huleta karibu duara lile la mtoto wa mwaka mmoja. Ukitumia mashono mafupi badala ya nguzo, unaanza na sita na kuongeza sita kila mzunguko.

Duara lenyewe litakwambia kama hesabu imekaa. Liweke mezani. Likilala bapa, endelea. Likiinua kingo kutaka kuwa bakuli, umeongeza kidogo mno. Likipigapiga mawimbi pembeni kama jani la kabichi, umezidisha. Usijidanganye kwamba litanyooka mbele ya safari, maana kila mzunguko unaokuja juu yake unabeba kasoro ileile. Na mkono wa mtu hubadilika: ukifuma usiku umechoka unakaza, ukifuma mchana unapiga soga unalegeza. Kwa sababu hiyo naipima kofia katikati ya kazi, si mwisho tu.

Ukingo wa chini naufuma kwa kushika uzi mmoja tu wa nyuma wa kila shono, kwenda na kurudi, unapata mistari yenye kunyumbuka. Hapo ndipo kofia inapokamata kichwa. Ukingo uliofumwa kawaida hulegea baada ya kufuliwa mara chache, halafu mama anasema kofia imekua. Ukingo huu pia unakunjwa, na mwaka unaofuata unakunjuliwa, mtoto akapata msimu mwingine.

Tuje kwenye uzi. Kinachouzwa madukani kwetu kama sufu mara nyingi ni akriliki, uzi wa kiwandani usiotokana na kondoo. Siudharau. Ni mwepesi, una rangi kali, unafulika kila siku bila kurudi, na mama mwenye mtoto anayecheua anahitaji uzi wa kufulika. Lakini ni lazima ujue umeshika nini, na njia ya uhakika ni moto. Kata kipande kidogo, kiwashe juu ya sahani ya bati. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Sufu ya kondoo hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika kwa vidole, wala haipendi kuendelea kuwaka. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Nafanya jaribio hili kila ninapoletewa uzi usio na karatasi yake.

Na ile karatasi ya donge usiitupe. Juu yake kuna namba ya rangi, na pembeni kuna namba nyingine ya mtungo, yaani ule mkupuo wa kiwanda ambao uzi huo ulitiwa rangi pamoja. Donge mbili za bluu moja zenye namba tofauti za mtungo zinaweza kuonekana sawa ndani ya duka lenye taa, ukizitoa juani zikaachana. Kwa kofia moja si neno, maana donge la gramu 100 linatoa kofia ya mtoto na linabaki. Kofia ya mtoto wa mwaka mmoja hula kama gramu 40 mpaka 60. Ila ukipewa kazi ya seti nzima ya makochi, nunua uzi wote siku moja.

Rangi sasa. Watoto wetu hupenda rangi zinazopiga kelele, nami nipo upande wao. Njano ya embe, kijani cha chai, pinki, chungwa: siku ya ukungu barabarani, mtoto mwenye kofia ya njano anaonekana na dereva wa bodaboda kutoka mbali kuliko mwenye kofia ya kijivu. Hilo peke yake linanitosha. Nyeupe nawafumia wa ubatizo tu, maana udongo wetu mwekundu hauna adabu. Mabaki ya nyuzi nayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, nayapanga kwa unene wala si kwa rangi, kwa sababu rangi mbili zisizopatana zinaweza kusuluhishwa na mstari mweupe kati yake, lakini nyuzi mbili za unene tofauti huvuruga duara zima.

Kubadili rangi kuna siri ndogo. Usimalize shono kwa rangi ya zamani kisha ukaanza na mpya. Shono la mwisho likiwa limebakiza mvuto mmoja, vuta uzi wa rangi mpya umalizie huo mvuto. Mstari unatoka safi. Mikia yote naipenyeza kwa sindano butu ndani ya mashono, nikienda upande mmoja, nikirudi mwingine, kisha mara ya tatu. Wengine hufunga fundo na kukata. Fundo ndani ya kofia ni kijiwe kwenye kichwa cha mtoto aliyelala. Nyekundu na bluu nzito nazilowesha kwanza, nafunga kipande cha donge kwenye kitambaa cheupe chenye maji, nakiacha usiku kucha. Kikitoka na doa, uzi huo haukai jirani na nyeupe.

Yapo mambo ya usalama ambayo nayashikilia hata mteja akinuna. Kamba za kufunga chini ya kidevu siweki kwa mtoto mdogo, kwa sababu kamba hunasa na kukaza shingo. Anayetaka masikio yafunikwe namfumia masikio marefu bila kamba. Vifungo vya macho ya dubu, shanga, na vipira vya nyuzi juu ya kofia siweki kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwani kila kinachoweza kung'oka kinaelekea mdomoni. Macho ya dubu nayadarizi kwa uzi, yanapendeza vilevile. Kofia zenye matundu mapana kwa vichanga nazo nazikwepa, na soksi za kufuma zenye nyuzi zinazoning'inia ndani ndiyo hatari kabisa, maana uzi mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu, na mtoto hana la kusema zaidi ya kulia.

Masharti haya yalikazwa zaidi na muuguzi mmoja aliyekuja kwangu na kazi ya kofia za watoto njiti. Alikaa kwenye stuli yangu, akachora kichwa kwenye daftari. Mtoto aliyezaliwa na wiki 28 ana kichwa cha kama sentimita 26, wa wiki 32 kama 29. Chungwa kubwa linakaribia hapo. Alitaka uzi laini, usio na mshono wala fundo, kofia ishuke mpaka masikio, na iweze kuvuliwa bila kumsumbua mtoto. Akanieleza wanavyowabeba: mtoto hukaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, soksi na kofia tu, na joto la mama linafanya kazi ya mashine. Njia hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali iliyokuwa na vichanga wengi kuliko mashine za kuwatunzia, na sasa inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kofia ina kazi kubwa pale kwa sababu kichwa cha njiti ni sehemu kubwa ya mwili wake, na joto hutorokea humo.

Niliuliza kuhusu kulala na kofia, kwa kuwa akina mama wengi huniuliza. Jibu lake nalirudia kwa kila mteja: njiti aliye kifuani chini ya uangalizi ni habari nyingine, lakini mtoto mzima aliyekwisha kwenda nyumbani asilazwe na kofia ndani ya nyumba. Anaweza kupata joto kupita kiasi, na kofia inaweza kumshukia usoni. Ikiwa nyumba ni ya baridi, mvishe nguo za kutosha mwilini. Kofia ni ya kutokea nje. Najua jambo hili ni gumu kulimeza huku kwetu nyanda za juu, bibi zetu walitulaza na kofia, lakini nalisema hata kama linanipunguzia mauzo.

Kofia za njiti sikuziwekea bei. Uzi alileta yeye, mikono ilikuwa yangu. Kila moja hutoka haraka, mizunguko michache na imekwisha, na unapoiweka kwenye ngumi yako inakaa barabara.

Vitu vya nyumbani vina kanuni ileile ya kuanzia kwenye matumizi. Kishikio cha sufuria kifumwe kwa pamba, tena mara mbili unene wake. Nimeona sokoni vya akriliki, vizuri kwa macho, vyenye maua. Kumbuka lile jaribio la moto: kinachoyeyuka kwenye sahani ya bati kitayeyuka pia kwenye mpini wa sufuria ya ugali, kikiwa mkononi mwa mtu. Dodoki la vyombo, kinyume chake, linataka akriliki, kwa sababu inakauka upesi, haiozi, na mashono mafupi yaliyokazwa yanakwangua bila kuchubua sufuria. Madodoki ndiyo kazi ninayowapa wanaojifunza. Hata likiwa limepinda, litaosha.

Kitambaa cha kufunikia jagi la maji au bakuli la maziwa nakifuma wazi kama wavu, duara la kama sentimita 20, na ukingoni naweka shanga moja kila baada ya nafasi nne au tano. Shanga ndizo uzito. Zinavuta ukingo chini, upepo haukiinui na nzi hapiti. Shanga zote zinatungwa kwenye uzi kabla hujaanza ukingo, kisha unazisogeza moja moja mpaka kwenye ndoano. Hapo kuna raha yake, ule mlio mdogo wa shanga zikigongana kwenye donge.

Vitambaa vya makochi vimepungua. Makochi ya siku hizi ni makubwa na ya ngozi bandia, kitambaa kinateleza, na vijana wanaona ni mambo ya sebule za wazazi wao. Wanaoagiza bado ni akina mama wa umri wangu na kuendelea, na mabinti wanaoolewa ambao mama zao wamesisitiza. Mimi navipenda kwa moyo wote, na kila nipatapo oda navifuma kama mama alivyofuma. Vinafuliwa kwa mkono, vinachovywa kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo uliochujwa, vinatandazwa juu ya taulo na kubanwa kwa pini kila pembe mpaka vikauke. Ukivipiga pasi bila kuvibana kwanza, nanasi linapinda na halirudi. Na pasi hiyo ni ya pamba tu. Kofia ya akriliki ikiguswa na pasi ya moto inalala, inapoteza uhai wake wote, wala hakuna dawa.

Mazulia madogo ya mlangoni nayafuma kwa vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani jirani. Navikata ukanda wa sentimita mbili, naunga, natumia sindano nene. Zamani watu walitumia mifuko ya rambo iliyokatwa, ikatoa mazulia ya kudumu, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 2019. Vitenge ni bora, havichomi mguu.

Kuhusu fedha nitasema wazi, maana wengi hufuma kwa upendo na kuuza kwa hasara. Mashine za kufuma sweta zipo tangu zamani, lakini kroshia mpaka leo hufumwa kwa mkono wa mtu. Viwandani bado hakuna mashine inayoiga vizuri namna ndoano inavyoingia na kutoka katika kila shono. Kwa hiyo ukiona kofia ya kroshia popote, hata ile ya bei chee kutoka ng'ambo, jua kuna mtu aliikalia. Kofia ya mtoto wa mwaka mmoja huchukua saa tatu hadi nne kwa mkono uliozoea. Mimi hupima saa hizo kwa kibarua cha shambani: mtu akipalilia viazi nusu siku analipwa kiasi gani hapa kwetu? Najumlisha na uzi, hiyo ndiyo bei. Mteja akisema mitumba ni rahisi, namkubalia, ni kweli. Kisha namuuliza kama mitumba imepima kichwa cha mwanawe.

Kazi ya nyumbani huonekana kama mchezo kwa sababu inafanywa umekaa, maharage yako jikoni na mtoto miguuni. Jirani husema, "Si unakaa tu, nifumie na mimi." Mwanamke akienda kwenye shamba la chai hakuna anayemwambia hivyo. Tusikubali. Naomba nusu ya fedha kabla sijagusa uzi, kutoka kwa ndugu pia, na nimegundua kwamba ndugu wenyewe huheshimu zaidi kitu walichokilipia. Kofia naanza kuzilimbikiza wakati wa mvua, watu wakiwa shambani na soko limelala, ili baridi ikianza mwezi wa tano niwe na kapu zima. Anayeanza kufuma baridi ikiwa imeshafika atauza mwezi wa tisa, na mwezi wa tisa jua limerudi.

Kuna habari moja inayonigusa kila nikipita kwenye mashamba yetu. Ireland, kuanzia mwaka 1845, ugonjwa wa ukungu uliangamiza viazi, watu wakafa kwa njaa na wengine wakahama. Katika miaka hiyo wanawake na wasichana wa nchi ile walifundishwa kroshia na watawa na wake za wachungaji, wakafuma lesi na kuiuza Uingereza na kwingineko, na mji mdogo wa Clones ukajulikana kwa lesi yake. Familia zilikula kwa ndoano. Sisi nasi tunaujua ukungu wa viazi, tunapulizia dawa kila msimu, na kuna miaka mvua inazidi dawa. Katika miaka ya namna hiyo kapu langu la kofia limenunua unga nyumbani mwangu, na najua wanawake wenzangu ambao limewanunulia sare za shule.

Mwili nao unahitaji kutunzwa. Kifundo cha mkono huuma, kidole gumba hukaza, macho huchoka. Napumzika kila nikimaliza mizunguko kadhaa, nanyoosha vidole, nainuka kukoroga chungu. Uzi mweusi nafuma mchana tu, dirishani. Mama alifuma kwa koroboi na macho yake yalilipa.

Ninaowafundisha sasa wanakuja Jumamosi mchana, wasichana na wavulana wawili ambao wana mikono mitulivu kuliko wote. Nawapa vitu vitatu. Sindano ya milimita 4, kwa sababu nyembamba inachosha na nene inalegeza. Donge la uzi laini wa kawaida, usio na manyoya, wa rangi iliyofifia, krimu au samawati, ili waone kila shono linapoingia. Nyeusi huficha mashono hata kwa mzoefu. Na futi kamba. Wiki ya kwanza ni mnyororo na dodoki. Wiki ya pili kila mmoja anarudi na vipimo vya kichwa cha mtoto mmoja wa nyumbani kwao, vilivyoandikwa, na tunaanza duara.